Vibanda vya Nyasi Bondeni kwa Tobia

Ihanda, Mbozi
Jumatatu, wakati wa kiangazi

Kwa Yakobo, mdogo wangu niliyemwacha Isongole,

Amani ya Bwana wetu itangulie kuingia nyumbani mwako kabla ya barua hii, ikukute umeketi na mkeo na watoto. Mama anaendeleaje na miguu yake? Na ile homa iliyomshika shemeji wakati wa mvua, je, imemwachia kabisa? Mimi mwili wangu ni mzima kwa neema ya Mungu, na kazi ya uinjilisti inaendelea, ijapokuwa watu wa huku bado wanakicheka Kinyiha changu. Lakini moyo wangu si mzima, ndugu yangu, na hiyo ndiyo sababu ya kukuandikia.

Katika barua iliyopita nilikuambia kwamba Tobia ameirudia mizimu. Unamkumbuka Tobia: ndiye aliyenipokea nilipotumwa huku nikiwa mgeni, nikalala kwake mpaka nyumba yangu ilipoezekwa, nawe ulipokuja kunitazama, ndiye aliyekubebea mzigo wako hadi njia panda. Nilikuandikia kwa uchungu wa mtu aliyesalitiwa. Leo uchungu ungali uleule, ila umehama mahali. Nisikilize nikueleze tangu mwanzo.

Mwaka juzi Bwana Shamba, mtu mweusi kama sisi aliyefundishwa na Serikali, alikuja barazani kutuhimiza tupande kahawa. Nilisimama mbele ya watu wote nikamwambia, "Bwana, mti usiotoa ugali wala mboga, tuupande ili tule nini?" Watu walicheka sana, nami, Mungu anisamehe, nilikifurahia kicheko kile. Sikuwa nimeuona mti wa kahawa hata mmoja maishani mwangu. Nilijua tu kwamba ni kitu kigeni, na kwangu hilo lilitosha.

Kiangazi hiki Elia, mzee wa kanisa letu, alinijia baada ya ibada. Siku hizo Tobia alikuwa amekwenda Tunduma na kuvuka kumtazama dada yake aliyeolewa ng'ambo ya mpaka. Elia akasema, "Mwalimu, shuka bondeni kwa Tobia ukaone mwenyewe. Mimi sisemi neno."

Tulishuka pamoja. Nyuma ya migomba, mahali ambapo mpita njia haoni, palikuwa na vibanda vidogo vya nyasi vimepangwa mistari, kila kimoja kimeshikwa na vijiti vitatu, wala hakifiki gotini. Chini ya kila kibanda palikuwa na mche mdogo wenye majani yanayong'aa, umezungushiwa majivu. Kando pamewekwa chungu na kibuyu. Yakobo, wewe na mimi tulikua tukiviona vibanda vya namna ile nyuma ya nyumba ya babu, alipokuwa akiwawekea wazee waliokufa unga na pombe.

"Elia," nikamwuliza, "hivi si vibanda vya mizimu?"

Elia akatazama pembeni. "Mwalimu, wewe ndiye uliyesoma. Mimi nitajua nini?"

Sikumngoja Tobia. Kesho yake nilishuka na wazee wote wa kanisa tukiimba, nikavibomoa kwa mikono yangu, naye Elia akazikusanya nyasi akazitia moto. Jumapili nikatangaza kwamba Tobia asiikaribie Meza ya Bwana. Aliporudi safari na kusikia habari hizo, hakuja kwangu kujitetea, nami nikaona kimya chake ni ushahidi wa hatia yake. Majuma matatu jua liliipiga ile miche.

Ndipo Bwana Shamba akaja tena, na watu wakamfuata bondeni, nami nikiwamo. Alisimama katikati ya miche iliyokauka, akashika kichwa.

"Nani ameondoa vivuli?" akauliza. "Kahawa changa haiwezi jua hili! Tobia, si nilikuonyesha namna ya kuifunika? Si nilikuambia utie majivu kwa ajili ya wadudu, na uweke maji karibu ya kuinyweshea?"

"Ulinionyesha, Bwana."

"Na wewe Elia ulikuwapo! Mlichukua miche siku moja. Yako iko wapi?"

Elia akajibu kwa sauti ndogo, "Yangu ilikufa mwanzoni, Bwana. Sikuifunika."

Mama mmoja nyuma yetu akasema, "Kumbe Mwalimu wetu amefukuza mizimu ya Serikali!" Watu wakaangua kicheko. Tobia peke yake hakucheka.

Nilimfuata Elia njiani. "Ulijua," nikamwambia. "Ulijua tangu siku ya kwanza, na ukazichoma nyasi."

"Sikusema uongo, Mwalimu. Uliuliza, ukajijibu mwenyewe."

"Lakini kwa nini, mzee mwenzangu?"

Alichora chini kwa fimbo yake. "Yake ilikuwa hai," akasema.

Ndugu yangu, mtu huyu tumeshika naye kitabu kimoja cha nyimbo kwa miaka mingi. Siku ile nilipotangaza hukumu, yeye ndiye aliyenishika bega na kunitia nguvu. Alinichukua kama shoka la kuazima, akakatia asichothubutu kukikata kwa jina lake. Jambo hili limeninyima usingizi na hamu ya chakula. Lakini kila ninapomlaumu, narudi palepale: shoka halina ulimi wa kuuliza, nami ninao.

Nilikwenda kwa Tobia. Alinipa kigoda, mwenyewe akabaki amesimama.

"Tobia, nimekukosea mbele ya Mungu na mbele ya watu."

"Ndiyo."

"Mbona hukuniambia kwamba ni kahawa?"

"Nikuambie lini? Ulipoicheka barazani, niliona nipande kimya, mpaka itakapozaa nikuletee kikapu uone. Niliporudi kutoka Tunduma ulikwisha bomoa, ulikwisha tangaza. Mwalimu, umelala humu, umekula ugali wa mke wangu. Kuniuliza tu, 'Tobia, ni nini hiki?' kungekupunguzia nini?"

Niliinamisha kichwa.

"Miche nimekusamehe," akasema. "Kanisani nitarudi, maana kanisa si lako. Lakini hapa nyumbani kwangu usije mpaka nikuite."

Jumapili iliyofuata nilisimama mbele ya watu nikalitangua neno langu, nikasema kosa ni langu. Elia sikumtaja. Shauri lake litaletwa mbele ya wazee yeye mwenyewe akiwapo, asikilizwe kwanza, maana sitaki kumhukumu tena mtu asiyekuwapo, hata aliyenisaliti. Tobia alikuja. Alikaa nyuma, akaimba nyimbo zote, akatoka kabla sijafika mlangoni kuwapa watu mkono. Bwana Shamba amemletea miche mingine. Nami nimeomba yangu, nikaambiwa nikajifunze kwa Tobia. Nikajibu kwamba nitangoja.

Sasa nakuagiza jambo moja. Najua barua yangu iliyopita uliwasomea ndugu wote, nao wamemtaja Tobia kwa ubaya huko Isongole. Waite watu walewale, uwasomee na hii kwa sauti ileile, wala usiruke mahali kwa kunionea aibu.

Mpe Mama heshima zangu, umwambie namwombea. Msalimu shemeji, na mjomba msuka vikapu, na shangazi anayetunza kisima, na mzee anayepiga kengele ya kanisa. Watoto wabariki kwa niaba yangu, kila mmoja kwa jina lake.

Nimeiweka barua hii mikononi mwa jirani anayeshuka huko kuuza maharage. Leo ni juma la tano tangu nilipokwenda kwake, na Tobia bado hajaniita.

Kaka yako akupendaye katika Bwana,
Lazaro