Waliokuja kwa Kinyozi Bila Kunyoa

Sasa Nekesa mjukuu wangu,

Huku Kawangware tuko wazima. Mamako amepaka nyumba rangi ya kijani na hataki mtu aguse ukuta.

Unauliza kama redio yenu huko Eldoret ipunguze wale wanaopiga simu kubishana mpira, kwa sababu wenye matangazo wanasema hao hawanunui kitu. Hebu nikuambie ya Wafula.

Miaka ya tisini niliuza chai na mandazi mlangoni pa kibanda chake cha kinyozi, pale steji ya 56 hapa Kawangware. Redio yake ikitangaza mechi, benchi lilijaa mafundi na wauza mitumba, na mechi ikiisha walibishana mpaka jioni. Wengi hawakunyoa. Wafula akachoka, akaandika mlangoni: "Kusikiza ni kwa wanaonyoa."

Jumapili iliyofuata, hata wenye nywele ndefu walichungulia, wakaona hakuna mtu wa kubishana naye, wakaenda kwa kinyozi mwingine. Mandazi yangu tulikula na majirani.

Wafula akafuta maandishi. Mechi nyingine ilipoisha, alizima redio, na yeye ambaye hakuwahi kukanyaga uwanja akauliza kwa upole, "Lakini ile penalti ilikuwa halali kweli?"

Mteja aliyekuwa amenyolewa nusu kichwa aliruka kutoka kwa kiti. Waliokuwa njiani wakaingia. Mimi nikaongeza maji kwa sufuria.

Nyanyako,
Rosa