Mwezi Mzuri wa Kuja Mafia

Kilindoni, Mafia
6 Oktoba 1982

Mama mpenzi,

Shikamoo. Hujambo huko kwenye ukungu? Kifua bado kinakusumbua? Sisi hatujambo. Eliamini anakusalimu sana. Siku hizi anakula samaki mpaka anasahau kwamba Wachaga ni watu wa ndizi. Mimi bado natapika, lakini kidogo. Mjukuu wako tunamtarajia mwezi wa tatu.

Mama, tangu tuhamishiwe shule ya huku kisiwani hujafika hata mara moja. Nimewauliza wenyeji ni lini kuzuri. Januari na Februari ni joto, hata mbuzi wanajificha. Machi mpaka Mei ni masika, mvua haikatiki na meli inaweza kukaa Dar wiki nzima. Juni na Julai upepo wa kusi unaichafua bahari, nawe hujapanda hata mtumbwi. Wote wanasema Septemba: jua la wastani, bahari shwari, madafu tele. Chagua mwenyewe, ila uje.

Binti yako,
Germana

Ganako, Karatu
14 Novemba 1982

Mwanangu Germana,

Marahaba, na marahaba nyingine kwa huyo aliye tumboni. Mimi mzima, kifua kimetulia. Barua hii naandika mwenyewe, mwalimu wa elimu ya watu wazima hajanishika mkono, kwa hiyo usizicheke herufi zangu.

Unanitandazia miezi kama muuza vitenge! Kwani shamba langu lina likizo? Sasa hivi nalima. Desemba napanda mahindi, Machi maharage, Julai navuna. Hiyo Septemba yenu mahindi yako uwanjani, na nikigeuka tu, mbuzi wa jirani yetu Qamara watayapukuchua kabla yangu. Tangu baba yako atutoke, mikono ni hii yangu tu na ng'ombe ni huyu mmoja.

Lakini haya, Septemba. Mtoto atakuwa anakaa, ataniona usoni. Nitakuja na mablanketi mawili. Usiniambie hakuna baridi. Mahali penye maji mengi namna hiyo panakosaje baridi?

Nikwambie kweli, bahari naiogopa. Mtu anakanyaga wapi?

Mama yako,
Leonida

Kilindoni, Mafia
27 Machi 1983

Mama,

Shikamoo. Natumaini u mzima.

Mtoto alizaliwa Jumatatu, wa kiume. Jumatano alifariki. Tumemzika.

Nimekaa ndani. Sahani na kikombe changu nimevitenga, kama ulivyonifundisha kwamba kwetu mama aliyefiwa na mtoto mchanga haingii kwa watu wala hali nao, asije akapeleka mkosi kwa watoto na mifugo yao, mpaka muda wake uishe. Majirani wa hapa hawaujui mwiko huo. Wanabisha hodi na uji, mimi siwafungulii. Eliamini ananibembeleza, halafu analia yeye.

Usije, Mama. Ni masika, na mimi si mtu wa kutembelewa. Tungoje Septemba.

Binti yako,
Germana

Dar es Salaam
19 Aprili 1983

Mwanangu Germana,

Pole. Pole sana, mwanangu. Neno hilo nimelisema peke yangu ndani ya basi mpaka abiria wa pembeni akaniuliza nazungumza na nani.

Niko kwa binamu yako Benedicta. Mvua haijakatika na meli haijaondoka. Barua hii inatangulia na ndege, mimi nangoja meli.

Kabla yako nilizaa mtoto, naye hakukaa. Nilitengwa. Bibi yako alikuwa akiniwekea chakula mlangoni, anakohoa ili nijue yupo, kisha anaondoka. Kikohozi kile ndicho kilichonishikilia. Lakini nilitaka aingie, Germana. Kila siku nilitaka aingie.

Ng'ombe nimempeleka kwa Qamara. Nimemweleza ninakokwenda, na kwamba anayeingia kwa aliyetengwa naye hutengwa, kwa hiyo nikirudi sitakanyaga kwake wala kumgusa ng'ombe mpaka muda wangu nami upite, maana sitaki kumkosea jirani. Akasema, "Nenda kwa mtoto, Leonida. Ukirudi nitakuja kukukoholea mlangoni." Nikalia hapo hapo uwanjani kwake.

Maharage sikupanda. Tutaona tutakula nini.

Leo Benedicta amenipeleka kuiona bahari. Ni kubwa kuliko nilivyoiogopa. Na joto hili! Blanketi moja nimemwachia yeye, la pili naja nalo, la kukufunika.

Hao majirani wafungulie, wametembea kwenye mvua na uji wao. Na mimi usinitengee sahani. Nikifika nitakula katika hiyo yako.

Mama yako,
Leonida