Neno "Mbali" Katika Daftari Lako

Papa,

Daftari lako la historia iko kwangu sasa. Préfet, mkuu wa shule, ameniomba nishike darasa lako la tano mpaka wapate mwalimu. Bon, hawatapata. Nani atakuja Kisangani wakati huu?

Somo la juzi lilikuwa imperialismu. Chini ya Kifaransa uliandika kwa Kiswahili, kwa zile herufi zako zilizolala: "Taifa la mbali kutawala taifa lingine kwa nguvu." Nikaandika ubaoni vile vile. Binti mmoja wa mtaa wa Mangobo, aliyemzika mama yake wiki ile ile tuliyokuzika wewe, akasimama. "Madame, mbali ni wapi?"

Nikageukia ubao. Nikamwambia nitamjibu somo lijalo.

Unakumbuka ugomvi wetu. Askari wa nchi mbili jirani walipoingia, wa kwanza kisha wa pili, mimi nilisema hawa iko wakoloni. Ukacheka, kijiko cha mboga ya pondu mkononi. Ukasema mkoloni anavuka bahari, hawa wamevuka mpaka tu. Na jirani, ukaongeza, hapigi hodi, anapita moja kwa moja jikoni. Nikakuuliza jirani gani anaingia jikoni kwako na kutoka na sufuria. Ukasema nina hasira za mama yangu. Ndiyo, ninazo. Hata leo ninazo, na nyingine ni juu yako.

Kisha majirani wako wawili wakagombana wenyewe kwa wenyewe, hapa kwetu. Siku sita mabomu yalivuka paa letu. Siku ya tatu bomu moja halikuvuka. Tulikuzika uani, karibu na jiko, sababu njia ya makaburini haikupitika. Mlango wa chumba chako ndio tulioufanya sanduku lako.

Sasa redio inasema wakubwa wa dunia wanajadiliana: ule ulikuwa uvamizi, ama watu walikuwa wanalinda mipaka yao? Wanatafuta neno lisilomkera mutu. Mimi nasikiliza huku namenya mihogo, hatua tano kutoka ulipolala, na ninachoka, Papa. Ninachoka sana. Nilisema kweli na haijanisaidia kitu. Afadhali ungekuwa unakosea kila siku, pale mezani, na chakula mdomoni.

Jana nimekata maneno "la mbali". Nimekata kwa kalamu ya risasi, si kwa bic ya wino, ili mwandiko wako uonekane bado. Kesho nitamjibu yule binti. Nitasema mwalimu wenu alikosea neno moja tu, na nakuahidi sitaongeza lingine juu yako.

Kwaheri, Papa wangu. Kama bado unabisha, kifutio nimekiacha ndani ya daftari.

Binti yako,
Espérance