Nusu ya Njano, Nusu ya Chungwa

Jumatatu, 20 Oktoba
Bado nashona vizibao. Mgongo unauma. Jumamosi ni umuganda, kazi ya mtaa mzima, na kamati yetu imeamua vijana wa juu na wa bondeni wazibue mtaro pamoja. Kikosi kimoja, sare moja. Mwaka mzima wamekuwa wakirushiana mawe. Mwanangu Yusufu ni wa juu. Juzi alirudi kichwa kimepasuka, ati ameanguka. Mtaro wenyewe haunihusu. Namtaka mwanangu mzima.

Jumatano, 22 Oktoba
Kitambaa cha njano kimeisha katikati ya kazi. Nimezunguka soko lote la Kimironko, hakuna. Kimebaki cha chungwa. Mwenyekiti kasema rangi si kitu, shona. Nikashona.

Ijumaa, 24 Oktoba
Nimegawa. Wa juu wako karibu na kibanda changu, wakaja kwanza, wakabeba njano zote. Wa bondeni walikuja jioni, wakakuta chungwa. Patrick wao, yule mrefu, chake kilikuwa kifupi. Nikamshushia upindo akisubiri.
"Sasa iko fiti, Mama Yusufu. Asante sana."
Kijana ana adabu. Nimempenda.

Jumamosi, 25 Oktoba
Walianza vizuri, hata utani ulikuwepo. Kisha mmoja akammwagia mwenzake tope. Siku zote wakigombana huchanganyikana, hawajui wampige nani, wanatawanyika. Leo hakuna aliyehitaji kutazama sura. Njano ikapiga chungwa. Chungwa ikapiga njano. Na majembe mkononi, maana umuganda mtu haendi mikono mitupu. Patrick kapigwa kisogoni.
Mimi ndiye niliyewavisha.

Jumapili, 26 Oktoba
Patrick amefariki.
Polisi wamechukua watatu. Yusufu kahojiwa, kaachiwa. Anasema hakumgusa. Namwamini. Kisha simwamini. Mchana nilimtazama mikono akila, chakula changu kikapoa.

Alhamisi, 30 Oktoba
Kikao cha kamati. Mwenyekiti anataka yaishe, kila upande ukae kwake. Nilikasirika hadi nikasimama. Nimewaambia wanirudishie vizibao vyote. Nafumua. Kila kimoja nusu njano, nusu chungwa, mshono katikati ya mgongo. Tuone watachaguana vipi.

Jumatano, 12 Novemba
Nafumua, nashona. Wateja wa magauni wananung'unika. Wanung'unike. Cha Yusufu nimekiacha mwisho. Kila nikikishika nakirudisha chini.

Ijumaa, 28 Novemba
Mama Patrick amekuja kibandani. Nikasema pole, neno likawa dogo. Hakutaka kukaa. Katoa kizibao cha mwanawe mfukoni, kimefuliwa, kimepigwa pasi.
"Kata na hii. Nusu uweke kwa ya Yusufu."
Akaenda zake.
Nimekata. Yusufu kasimama mlangoni muda wote nikishona. Kesho ni umuganda. Amekijaribu. Upande wa chungwa umezidi urefu, unaning'inia chini ya ule wa njano. Sikuupunguza.