Meli Iliyobeba Jina la Mtoto wa Mtu

Mpendwa Mayu, mama yangu,

Mwangaluka. Mwanao nakusalimu kutoka huku Ugiriki, nikiwa mzima, na neno hilo "mzima" mdogo wangu Kabula akusomee mara mbili. Goti lako linaendeleaje? Mvua zimewatendea vipi hapo Nkoma, pamba imekubali au imegoma? Hapa bandarini ni baridi tupu. Navaa masweta mawili na bado natetemeka kama ndama aliyenyeshewa.

Mayu, barua uliyomwandikisha Kabula imenifikia juzi kupitia kwa wakala aliyenitafutia kazi. Niliisoma, nikakaa chini. Unasema mke wa kaka Masalu amejifungua mtoto wa kiume, na kwamba nisipojibu kabla pamba haijaanza kuchumwa, mtoto ataitwa jina langu, Luhende. Ukoo wetu hautoi jina la mtu anayepumua, kwa hiyo nimeelewa mnanihesabu wapi. Imeniuma sana.

Lakini mimi niliandika! Barua zangu zote nilizituma kwa sanduku la posta la chama cha ushirika Bariadi, palepale nilipokuwa napima pamba kabla hatujapunguzwa kazi. Kumbe wanunuzi binafsi walipoingia, ofisi nayo ikafungwa, na mimi huku naliandikia kufuli. Bila Kabula nisingejua. Hii naipitishia parokiani.

Sasa nikueleze kazi. Tunakata meli kuukuu, chuma kinauzwa. Safari hii tumeletewa meli ya vita. Nilikuwa nakwangua rangi upande wa nyuma, tabaka juu ya tabaka, ndipo chini ya jina la Kigiriki zikatokea herufi nyingine, za chuma, zimechomelewa. Nikamwita msimamizi wetu, mzee aliyewahi kuwa baharia humohumo. Alipoziona akavua kofia.

"Hilo ndilo jina lake la kwanza," akaniambia kwa Kiingereza chetu cha kuokoteza. "Wamarekani waliiunda wakati wa vita vya Hitla. Ni jina la kijana wao, baharia. Meli yake ilipigwa, yeye hakuonekana tena."

"Nani aliipa meli jina lake?"

"Serikali yao. Lakini siku ya kuishusha majini walimwita mama yake. Alivunja chupa ya mvinyo puani mwa meli, ikateleza ikaenda."

Basi, akasema, ikasindikiza meli za mizigo na kuwinda nyambizi mpaka vita vikaisha. Baadaye ikauzwa huku, ikapakwa rangi na kupewa jina jipya. Habari hizo alizijua, na ndani yake aliishi ujana wake wote, ila hakujua kwamba chini ya rangi mtoto wa mtu bado yupo. Jana tulizikata zile herufi, akazibeba nyumbani kwake.

Tangu hapo yule mama hanitoki kichwani. Hakuwa na kaburi la kupalilia, akapewa chuma, akakipokea. Simlaumu, na wewe sikulaumu, kwa maana ukimya wangu ulikuwa mrefu. Lakini mwanawe alikuwa amekufa kweli. Wewe unataka kuvunja chupa na mimi nipo!

Upweke wa huku sikufichi. Chumbani niko na Mmisri na Mfilipino. Ni watu wema, ila kila mmoja hulia kwa lugha yake. Kazini wananiita "Tanzania". Hakuna wa kuniitikia salamu yetu ya mwangaluka. Siku ile juu ya meli, watu walipokwenda kula, nilijiita jina langu kwa sauti. Lilinitoka kama la mtu mwingine, nikaogopa.

Mwambie Masalu nimefurahi kwa mtoto, amtafutie jina zuri la babu yeyote aliyelala. La kwangu bado nalitumia. Siku ya kurudi siijui, nisikudanganye, ila nia ninayo.

Nisalimie shangazi aliyenilea, na baba mdogo wa Mwamanyili, mwambie utani wake nimeukosa. Kabula, mwandiko wako umekuwa mzuri kuliko wangu, asante sana.

Mayu, Kabula akimaliza kusoma, toka nje uniite. Niite kwa ile sauti uliyokuwa ukinipigia nikichelewa na ng'ombe, mpaka majirani wasikie. Nitaitika hukuhuku niliko.

Mwanao,
Luhende