Skala ya Kuzibia Pengo

Kaka Mrisho,

Shikamoo. Natumaini goti la mama huko Kurui limepata nafuu, nanyi hapo Sofu hamjambo. Mimi mwili mzima. Roho ndiyo inachemka.

Ujumbe wako nimeusoma: "Mdogo wangu, nyamaza kwanza, jina lako lichapishwe." Kaka, umenikasirisha kuliko hawa wa kazini.

Sikiliza. Kazi yetu hapa maabara ni kupima chembe iitwayo mesoni ya charm inavyovunjika vipande vitatu. Haivunjiki moja kwa moja. Inapitia kwanza chembe ya kati, tunayoiita skala, ambayo inakufa kabla chombo hakijaiona. Tunaijua kwa vipande inavyoacha tu. Skala zenyewe ni mbili, na zinapandana kama muziki wa harusi mbili kwenye nyumba zinazopakana: pengine zinakuzana, pengine zinamezana. Kwa hiyo ukipima mchango wa kila moja peke yake ukajumlisha, si lazima ufike asilimia mia.

Mkuu wetu hataki kusikia. Jumla ilipogoma kwenye themanini na sita, akachomeka skala ya tatu. Mia ikatimia, wakapiga makofi! Nikasimama.

"Mzee, hiyo umeizaa wewe. Nikizipanga hizo mbili pamoja, kama zinavyoishi, vipimo vyote vinakaa sawa bila hiyo ya tatu."

"Zuhura, wewe bado mgeni. Au kwenu mnahesabu kwa vidole?"

Chumba kizima kikacheka.

"Vidole vyangu ni kumi kila siku," nikamwambia. "Vyako vinaongezeka ukibanwa."

Nikaketi.

Desturi ya hapa, majina yetu sote huingia kwenye makala kwa alfabeti, hata la aliyelala mkutanoni. Asiyekubali huandika aondolewe. Jana niliandika. Ingekuwa makala yangu ya kwanza, na mkataba unakaribia kwisha. Bila makala sijui nani ataniongezea. Hilo nalijua. Usinikumbushe! Lakini mimi niliyejisomesha kwa kukaanga mihogo stendi ya Mlandizi sikuja huku kuapia chembe isiyokuwepo.

Msalimie wifi yangu, na mjomba wa Kisarawe aliyenisindikiza uwanja wa ndege. Mama ameshawatangazia majirani kwamba jina langu litachapishwa, basi mwambie hivi: jina halimo, nimelitoa kwa mkono wangu. Usithubutu kumwambia wamenitoa.

Mdogo wako, hasira bado ninazo,
Zuhura