Maji ya Mkia Bado ni Yako

Marwa, mura wangu,

Mshika lango mpya wa bwawa ni mimi. Cheka kwanza, nakusubiri.

Ndiyo, mimi Mwita, niliyeachia shule darasa la sita lakini nimelala Nairobi, nimeuza viatu Kisumu, na pale Sirari hata mbwa wa mpakani wananijua. Tulipomaliza msiba wako, wakulima tulikaa kikao juu ya tuta la bwawa. Mama Robhi akasema, "Huyu mdomo wake ni mpana kuliko lango lenyewe. Atatumalizia maji." Nikamjibu kwamba mdomo wangu angalau haujashika kutu. Wakacheka, wakanipa. Nilipokamata usukani wa lango nikakuta kile kitambaa ulichokuwa umekizungusha kwenye chuma kisikukate mikono. Sijakitoa.

Mvua zimetukimbia mwaka huu. Mto unashuka mlimani umekonda, pale kwenye banio la kuchepushia maji naweza kuuvuka na soksi zikabaki kavu. Bwawa limenywea mpaka kile kisiki ulichokuwa unafungia ng'ombe, kabla halijachimbwa, kimechomoza tena. Nilipokiona nilikuita. Nikaita jina lako kwa sauti, nikuoneshe. Halafu nikafunga mdomo wangu mpana, nikashuka kukigusa peke yangu.

Lakini kinachonikalisha chini kuandika ni vitunguu vyako, vile ulivyovipandikiza muda mfupi kabla hujaugua. Ndiyo kazi ya mwisho ya mkono wako iliyobaki juu ya ardhi hii, na vilikuwa vinakufa.

Desturi uliiweka mwenyewe: shamba la mshika lango halina zamu. Linakunywa maji ya mkia, yale machache yanayobaki mferejini lango likishafungwa jioni. Nilikuwa nakucheka sana. Ukaniambia, "Mwita, anayegawa nyama akijipakulia kwanza, wenzake watahesabu mifupa." Basi sasa mkia ni wangu, na mkeo Bhoke hana zamu mpaka msimu ujao, kwa sababu zamu zilishapangwa ukiwa hai. Kumwingiza katikati ni kumnyang'anya mwingine, na macho yote yako kwangu.

Nikafikiri kama mtu aliyetembea duniani. Nikaziba mchirizi wa nyanya zangu, maji ya mkia yapite hadi kwako kule mwisho. Asubuhi nakuta nyanya zimelowa, vitunguu vikavu. Nikaziba tena. Tena nyanya zimelowa. Nikajua kuna mwizi wa ajabu, mwizi wa kurudisha.

Alikuwa Bhoke. Anazibua wangu, anaziba wake kwa tope. Nikamfuata shambani. Akasema bila kunitazama, "Shemeji, maji ya mkia ni ya mshika lango. Mume wangu si mshika lango tena. Usinifanye maskini wa kuonewa huruma."

Unamjua mkeo. Tangu tukuzike hakuwa amecheka, hata nilipoanguka kwenye mfereji makusudi mbele ya wanawake wote. Nikaona vitunguu vimelaza majani chini, nikamwambia, "Shemeji, nani kakwambia mimi ni mshika lango? Marwa yuko likizo. Mimi nashikilia tu. Na bosi mwenyewe ni mkali, nikigusa maji yake akirudi nitafukuzwa kazi."

Aliinama, akachota tope jingine. Nikadhani nimeharibu. Halafu akacheka, mura. Akacheka mpaka akakaa kwenye tuta, akajifunika uso kwa kitenge, na mabega yalitikisika muda mrefu, mwisho sikujua tena kama ni kicheko. Alipoinuka akalisukuma lile tope kwa mguu, mchirizi wake ukabaki wazi.

Nyanya zangu zimekauka zote. Mke wangu anasema sasa nitakula sifa na ugali. Lakini wale waliokuwa wananichunguza walipita pale, wakaziona, na Mama Robhi akanisalimia kwa adabu hata nikageuka nyuma kuona anamsalimia nani. Siku hizi nikisema lango limefungwa, hakuna anayekwenda kuhakikisha. Nimesafiri kote huko, mura, na heshima nimeipata kwa nyanya zilizokufa. Natamani ungeiona. Ungenitania wiki nzima.

Vitunguu vimesimama. Vinaanza kujaza.

Jioni nikifunga bado naketi upande wangu wa ukuta wa lango, upande wako nauacha. Nasikia maji ya mkia yanashuka, yanapita nyanya zangu bila salamu, yanakwenda kwako. Yakitulia ndipo naondoka. Zamani hapo ndipo ulipokuwa unasema, "Twende tukale."

Nakuahidi: nikiwa nimeshika usukani huu nitakunywa wa mwisho, kama wewe. Na Bhoke akivuna, nitamwomba kitunguu kimoja kikubwa, nikilete hapa langoni nikile kibichi. Nitalia wazi mchana kweupe, na atakayeuliza nitamwambia ni kitunguu.

Pumzika, mura. Nimefunga lango, nimelitikisa kama ulivyonifundisha. Halivuji.

Wako wa kushikilia,
Mwita